Kabla hujaachilia fotoni milioni: kwa anayeanza kuiga safari ya mwanga mwilini

Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, kisha uizibe kwa kidole. Kidole kitang'aa chekundu, ila mfupa huuoni. Wekundu huo ni kazi ya hemoglobini, inayomeza kijani na buluu na kuiachia nyekundu ipite. Mfupa umefichika kwa sababu fotoni, yaani chembe za mwanga, zimetawanywa mara nyingi mno hata hazikumbuki zilikotoka. Tunachoiga kwenye kompyuta ni hicho hicho, ili daktari wa upasuaji ajue leza yake itafika wapi na itaunguza nini.

Njia tunayoitumia zaidi ni Monte Carlo. Namba nasibu huamua fotoni isafiri umbali gani kabla ya kugonga, kisha igeukie wapi. Kila igongapo huacha sehemu ya uzito wake, yaani namba inayoonyesha nguvu iliyobaki nayo. Anza na MCML, programu iliyochapishwa na Wang, Jacques na Zheng mwaka 1995. Tishu zake ni tabaka bapa tu, lakini msimbo wake unaweza kuusoma wote ukauelewa, na hilo kwangu lina thamani kuliko kasi. MCX, inayotumia kadi ya michoro na maumbo halisi ya viungo, itakuja baadaye.

Kilichonigharimu mimi ni vizio. Nilikuwa na tishu yenye ufyonzaji wa 0.02 na mtawanyiko wa 10, vyote kwa kila milimita, na g, kipimo cha jinsi fotoni zinavyoelekea mbele zikishagonga, ya 0.9. Nikaziingiza hivyo hivyo kwenye MCML, ambayo husoma kwa kila sentimita. Haikulalamika. Ilinipa picha safi, ya kupendeza, ikionyesha mwanga unapenya kama sentimita 4 kabla ya kufifia. Wiki nzima niliijengea hoja picha ile. Nilishtuka siku nilipokaa na kalamu: kwa kila sentimita, ufyonzaji ni 0.2, na mtawanyiko wa 100 ukishapunguzwa kwa g (100 mara 1 toa 0.9) unabaki 10; jumla yake na ufyonzaji ni 10.2. Zidisha 3 kwa 0.2 kwa 10.2, tafuta kipeuo cha pili, unapata karibu 2.5. Gawanya 1 kwa hiyo, unapata kina ambacho mwanga hufifia: sentimita 0.4, yaani milimita 4. Nilikuwa nimekosea mara kumi, na kazi ile ilikuwa ya kupanga mwanga karibu na mshipa wa damu.

Tangu hapo siendeshi chochote kabla ya hesabu hiyo ya karatasi. Najumlisha pia mwanga uliorudi, uliofyonzwa na uliopita. Lazima ufike 1. Usitishike ukiona mwanga chini kidogo ya ngozi unazidi ule ulioingia. Si kosa, ni fotoni zinazorudi nyuma na kupita hapo tena. Picha ikiwa na chembechembe, kumbuka kuzipunguza kwa nusu kunahitaji fotoni mara nne.

Na mwulize daktari swali moja mapema: je, jeraha litakuwa kavu? Majedwali mengi ya vipimo vya tishu hayana damu iliyotapakaa juu. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532, utando wa damu wa robo milimita unaweza kumeza karibu mwanga wote. Kwa ile ya nanomita 1064 sehemu kubwa itapita. Weka tabaka hilo kwenye faili lako, endesha upya, kisha mpelekee picha zote mbili.