Kutoka Kochi hadi Kottayam

Swali: Mhariri, nitafika Kochi, kusini mwa India, nikiwa na shanta moja mgongoni. Je, nitaweza kufika mji wa Kottayam kwa siku moja bila kukodi teksi? Msomaji, Lamu.

Jibu: Ndugu msomaji, utaweza, na aliyezoea mashua za Mokowe, gati la bara la kuvukia kwenda Lamu, atajiona kama yuko kwao. Asubuhi panda basi la serikali kutoka Ernakulam, upande wa bara wa Kochi, hadi mji wa Alappuzha. Viti vya mbele hutengewa wanawake, kwa hiyo ukiwa mwanamume kaa nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo, umsikilize kondakta akivuta kamba ya kengele, mara moja kusimama, mara mbili kuondoka. Gati liko karibu na stendi. Hapo panda boti ya abiria ya kwenda Kottayam, si ya watalii, ikupitishe Ziwa Vembanad na mashamba ya mpunga kwa takriban saa mbili na nusu.