Fundi wa maandiko anataka asilimia 10

SWALI: Shikamoo Bi Mhazini. Sisi ni akina mama 22 wa Tongoni, Tanga, tunalima mwani. Tuna cheti cha kikundi kutoka halmashauri. Cottonii, aina ya mwani tunayolima, inaoza maji yakipata joto, kwa hiyo tunataka kusogea kwenye kina, ila hatuna mashua na wengi wetu hatujui kuogelea. Tumeomba ruzuku mara tatu, kimya. Sasa kuna kijana wa mjini anataka laki tatu atuandikie andiko la mradi, na fedha zikitoka achukue asilimia 10. Tumpe?
Mama Mwani

JIBU: Marahaba mwanangu. Laki tatu zenu zikae sandukuni.

Nilikuwa mhazini wa kikundi cha mikoko hapahapa Tanga, na fundi kama huyo tulishamlipa. Akatuletea andiko lenye jalada la plastiki, linanukia wino, Kiingereza kitupu. Tukasaini bila kusoma, kila mmoja akiona haya kusema hajaelewa. Mfadhili alipokuja kututembelea, akafungua ukurasa wa sita na kuuliza: "Hawa wafugaji wa Kishapu ni kina nani?" Kishapu iko Shinyanga, mwanangu. Mikoko na Kishapu wapi na wapi! Nilibaki natazama kandambili zangu.

Hiyo asilimia 10 nayo ni mtego. Wafadhili wengi hawakubali fedha ya mradi ilipe kamisheni ya aliyeitafuta. Mtaificha wapi? Kwenye bei ya kamba. Mkaguzi akiuliza bei ya kamba dukani, watakaodaiwa ni nyinyi, kijana hapatikani tena kwenye simu.

Hukuniambia barua zenu zilisemaje, ila nakisia: "tunaomba mashua." Kila mtu anaomba mashua. Anzeni na daftari. Kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, andikeni kamba ngapi mmefunga, ngapi zimeoza, kilo ngapi zimekauka, mnunuzi kalipa bei gani. Kwetu kulikuwa na bibi asiyejua kusoma. Kila mche wa mkoko uliokufa aliuchorea mstari wa mkaa nyuma ya mlango wake. Mfadhili wa pili alisimama mbele ya mlango ule akahesabu mistari kwa kidole, na huyo ndiye aliyetupa fedha. Andiko tulimpa la kurasa nne, tumeliandika wenyewe.

Halafu hicho cheti. Cheti cha kikundi cha halmashauri hakiwafanyi kuwa NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali. Hizo husajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya 2002. Mfadhili akitaka NGO nanyi mkapeleka cha kikundi, barua inawekwa kando kabla haijasomwa, na huenda ndicho kimya chenu hicho. Afisa maendeleo ya jamii atawaeleza usajili. Au tafuteni NGO yenye cheti muombe pamoja, ila muandikiane kwanza nani anashika fedha. Ulizieni pia Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), ile iliyo chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, maana hiyo hushughulika na vikundi vya mazingira kama chenu. Zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Nimeona watu wakiuita ruzuku mpaka siku ya marejesho.

Na huko kwenye kina, mnakwenda na nini? Kwenye bajeti wekeni maboya ya kuvaa 22 na posho ya mtu wa kuwafundisha kuogelea, kabla ya bei ya mashua. Mimi ningekuwa mfadhili, nisingewapa mashua bila hayo.

Mkimaliza ukurasa wa kwanza nileteeni niusome. Kwa Kiswahili, hata kwa kalamu.