Re: Mapengo 2, 4, 2, 4, 2 ya namba tasa hayarudi tena

Mkuu salama? Umesema programu yako imekupa 5, 7, 11, 13, 17, 19, mapengo 2, 4, 2, 4, 2, afu ukaiacha itafute mpaka milioni moja haikuleta nyingine, unauliza kama lupu ina shida. Haina shida, hakuna nyingine popote.

Kabla ya kugusa programu angalia baki ukigawa kwa 5. Sita zako ni p, p+2, p+6, p+8, p+12, p+14. Hizo nyongeza ukizigawa kwa 5 zinabakiza 0, 2, 1, 3, 2, 4, yaani baki zote tano zimeshakaliwa, kwa hiyo p iwe yoyote ile lazima mojawapo igawanyike kwa 5, na tasa ya hivyo ni 5 yenyewe tu. Imeishia hapo.

Sasa geuza, weka 4, 2, 4, 2, 4. Hapa baki 3 iko wazi so inapita. Utapata 7 mpaka 23, kisha 97, 101, 103, 107, 109, 113 (jumlisha ya kwanza na ya mwisho, ya pili na ya tano, za katikati, zote 210, mi hii huwa inanipa raha), inayofuata inaanzia 16057, mbali balaa. Ukitaka iende fasta, ukishaitoa ile ya 7, jaribu p zinazoishia na 7 tu, na ukigawa kwa 7 zibakize 6.

Kama zinaendelea bila mwisho, hajathibitisha mtu mpaka leo, mi ndo kabisaa.