Re: Historia ya sanaa, nianzie Misri ya kale au wasanii wa leo?

Mkuu, umeuliza kama ni lazima uanze na Misri ya kale ndo uje taratibu mpaka wasanii wa sasa. Mi naona si lazima kabisa, wengi wanakata tamaa njiani kwa kukomaa na tarehe tu. Chukua kazi moja inayokuvuta halafu rudi nyuma nayo. Mfano ile picha ya mchoraji Picasso ya 1907, Les Demoiselles d'Avignon, ya wale wanawake watano, ukiangalia sura za wale wawili wa kulia unaona vinyago vya Afrika kabisa, na mwaka huohuo alikuwa ameviona kwenye makumbusho ya Trocadéro pale Paris, sasa hapo lazima ujiulize vitu vyetu vilifikaje Ulaya, na ukifuatilia hilo swali utafika ufalme wa Benin (sasa ni sehemu ya Nigeria) 1897, Waingereza walipovamia wakabeba mamia ya mabamba na sanamu za shaba za kasri la mfalme.

Ila Misri usiiruke jamani. Kwenye michoro yao kichwa kinachorwa kwa upande ila jicho na mabega yanatazama mbele, na sio kwamba walishindwa kuchora, walitaka kila kiungo kionekane kwa upande unaokitambulisha vizuri, na inaniuma sana mtu akiita ule uchoraji wa kishamba.

Wa leo anza na El Anatsui wa Ghana, anaunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba vinakuwa kama kitambaa kikubwa ukutani. Kazi yake itazame kwanza kwa muda mrefu, maelezo usome baadae.