Nafasi bado ipo, mbona diski inanikatalia?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaotumia kompyuta kuu moja na wenzao wengi, na karibu yote yanahusu mgao wa diski.

Nina mgao wa gigabaiti 50 na nimetumia 12 tu. Mbona kila nikihifadhi faili naambiwa "Disk quota exceeded"?

Kwa sababu mgao huhesabiwa mara mbili: ukubwa wa faili zako, na idadi yake. Wengi wetu tunaangalia ukubwa tu. Kila faili, hata tupu, na kila folda hula inodi moja, yaani rekodi ambayo mfumo huitumia kuifuatilia. Inodi zikiisha, huwezi kuunda faili mpya hata ya herufi moja. Andika `quota -s`, au kwenye diski za Lustre (mfumo wa hifadhi unaotumiwa na mashine nyingi kwa pamoja) `lfs quota -hu $USER /scratch`, kisha soma safu ya "files".

Mshukiwa wangu wa kwanza huwa conda, programu ya kusakinisha Python na maktaba zake. Mazingira ya Python yenye maktaba za kutosha hufikisha makumi ya maelfu ya faili kwa urahisi, na wengi wana manne, matano, waliyokwisha kuyasahau. Amri `du --inodes -d 1 ~ | sort -n` itakupangia folda zako: mstari wa mwisho ni jumla, mkosaji yuko juu yake tu. `conda clean --all` huondoa vifurushi vya akiba.

Mshukiwa wa pili ni data yenyewe. Kuna mtumiaji aliniletea folda ya picha 400,000, kila moja kilobaiti chache. Tulizifunga kwa `tar -cf picha.tar picha/`, tukahakiki kwa `tar -tf`, ndipo tukafuta folda. Inodi 400,000 zikawa moja. Akauliza, sasa atazisomaje? Kazi ikianza, zifungue kwenye diski ya ndani ya mashine inayoiendesha (vituo vingi huielekeza kwa `$TMPDIR`), si kwenye scratch (diski ya pamoja ya data za muda). Wenzako nao watapumua: kwenye Lustre, majina ya faili na mahali zilipo hutunzwa na seva tofauti na zile zenye yaliyomo, na kila faili inayofunguliwa lazima ipitie huko. Kazi mia zikifungua vifaili maelfu kwa mpigo, mtu aliyeandika `ls` tu anabaki akikodolea skrini.

Nimefuta faili kubwa, nafasi haijarudi.

Huenda kuna kazi yako bado imeifungua. Linux huondoa jina papo hapo, lakini nafasi huachiwa programu ya mwisho ikiifunga. Angalia `squeue --me`, inayoorodhesha kazi zako kwenye foleni ya Slurm.

Safu ya "grace" inaonyesha siku 6. Maana yake nini?

Umevuka kikomo laini, kile kinachoweza kuvukwa kwa muda tu, na hizo ndizo siku ulizobakiwa nazo za kupunguza. Zikiisha, huandiki kitu mpaka urudi chini yake. Kikomo kigumu hakivukiki hata kwa dakika moja.

Nimehamishia data kwenye folda ya mradi kwa `mv`, lakini bado inahesabiwa upande wangu.

Hili huwachanganya hata wazoefu. Kama kituo chenu huhesabu mgao kwa kundi la watumiaji, folda ilipo faili haijalishi. Linaloangaliwa ni kundi linaloimiliki, na `mv` huibeba faili na kundi lake la zamani. Andika `ls -l` utazame safu ya nne: utaona kundi lako binafsi, si la mradi. Rekebisha kwa `chgrp -R kundi_la_mradi folda`, kisha `find folda -type d -exec chmod g+s {} +` ili faili mpya zitakazoundwa humo zirithi kundi sahihi.

Scratch hufuta faili za zamani. Si niweke tu skripti ya kuzipiga `touch` kila wiki ili zionekane mpya?

Usifanye hivyo. Vituo vingi vinakataza, na msimamizi akiona faili elfu kumi zenye saa ileile ya kubadilishwa, hahitaji kuelezwa. Pia unajifutia tarehe halisi za matokeo yako. Scratch kwa kawaida haina nakala rudufu, kwa hiyo faili iliyosalimika leo bado haiko salama. Unachokihitaji kihamishe kwa `rsync` kwenda kwenye hifadhi ya mradi, linganisha kwa `sha256sum`, kilichobaki ukifute mwenyewe.