Saa niliyoiacha mezani: maswali ya wasomaji wa Lubumbashi na Likasi

Tuliwauliza wapenda saa: ni ipi uliishika mkononi, ukairudisha kwa muuzaji, na mpaka leo inakukera? Barua zilizofuata tumezifupisha. Majibu ni ya mafundi wa safu hii.

Jambo fundi. Mwaka 2018 muuzaji mmoja pale mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, alinionyesha Seiko SKX007, ile ya wapiga mbizi, kwa dola 130. Nikaona franga ni nyingi, nikaenda zangu. Sasa haitengenezwi tena na bei imepanda. Niitafute? (Msomaji wa Katuba)

Majuto yako yana haki, ila nusu tu. SKX007 ilianza kuuzwa 1996 na ikasimamishwa karibu na 2019. Mashine yake, 7S26, ina vito 21 (vijiwe vinavyobeba ncha za magurudumu) na inapiga mara 21,600 kwa saa. Haikubali kutiwa ufunguo kwa mkono, na ukivuta kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa, mshale wa sekunde unaendelea kutembea. Watu waliipendea bodi, yaani ganda lake: mita 200 za maji, kifundo kinachofungwa kwa skrubu upande wa namba nne, pete ya juu inayozunguka upande mmoja tu na kupiga tik mara 120. Seiko 5 Sports zilizoingia 2019 zina mashine nzuri kuliko hiyo (4R36, inatiwa ufunguo na sekunde inasimama), lakini ni mita 100 na kifundo hakina skrubu.

Shida ni kwamba SKX nyingi zinazouzwa leo zimebaki na bodi tu ya asili. Uso, mishale, pete na kioo vimebadilishwa na wapenda mapambo. Geuza saa usome namba sita za mfuniko wa nyuma. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha 0 ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Inayoanza na 5N ni ya Novemba 2005 au Novemba 2015. Sasa dondoshea kioo tone dogo la maji. Kioo cha asili ni Hardlex, kioo kilichoimarishwa cha Seiko, na tone litatambaa kidogo. Likisimama duara kama shanga, huenda umewekewa kioo cha safiri. Si wizi, ila si saa uliyoiacha 2018.

Kitu kimoja kisikutishe: pete ya ndani yenye alama za dakika ikiwa imepinda kidogo, isilingane na namba 12. Hiyo ilitoka hivyo kiwandani mara nyingi mno, na wenye SKX wameizoea kama tunavyozoea mashimo ya barabara. Ukiipata yenye uso na mishale yake, bodi haijasuguliwa, inunue hata kama mashine imechoka: mashine nyingine, NH36, inaingia mahali pa 7S26 na fundi mzoefu anaifunga kwa muda mfupi. Vinginevyo, iache tena, safari hii bila kinyongo.

Papa fundi, mjane mmoja alikuwa anauza Omega Seamaster ya marehemu mume wake, dola 400. Uso ulikuwa na madoa ya kahawia, nikaikataa. Aliyeinunua anasema yale madoa ndiyo yaliyomvutia. Nilikosea wapi? (Yaya wa Bel-Air)

Yaya, ulitazama uso kama sahani: ukidhani safi ndiyo nzuri. Kwa saa ya zamani, uso wenye madoa ambao haujaguswa una thamani kuliko uso unaong'aa uliopakwa rangi upya. Chukua lupu, kioo cha kukuzia, ya mara 10. Maandishi ya asili yana kingo kali, na mistari ya dakika inalenga katikati ya alama za saa bila kukosea. Uliopakwa upya una herufi nene kama zilizoandikwa na kalamu ya wino, na maneno SWISS MADE chini ya namba 6 yamepanda juu, yamekatwa au hayapo. Katikati ya kioo cha plastiki cha asili, upande wa ndani, kuna alama ya Omega ndogo kuliko punje ya mtama. Inaonekana ukiinamisha saa kwenye mwanga.

Kisha masikio ya bodi, pale mkanda unapofungwa. Kingo zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, mashine ya kung'arisha imepita, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Mfuniko ukifunguliwa utaona mashine yenye rangi ya shaba nyekundu, rangi ambayo mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Ni rangi ya juu tu, Omega waliipaka mashine zao za miaka ya 1950 na 1960. Namba iliyo kwenye mashine inakupa umri: zinazoanzia milioni 17 ni za karibu 1959 na 1960, milioni 24 ni za karibu 1966. Kama ni ya kujitia ufunguo yenyewe, tikisa saa sikioni. Ukisikia mkwaruzo, tafuta mstari wa duara uliochimbwa upande wa ndani wa mfuniko: bushi ya rota (kipande kizito kinachozunguka na kuitia saa ufunguo) imelika, rota inashuka na kukwaruza. Ukiona pia uji mweusi kuzunguka vito, hayo ni mafuta ya zamani yaliyochanganyika na vumbi letu la kiangazi. Uji huo unasaga ncha za magurudumu kama msasa, na kadiri saa inavyovaliwa bila kusafishwa ndivyo gharama inavyopanda.

Hapo ndipo ungepaswa kufanya hesabu. Usilinganishe dola 400 na bei ya saa iliyo tayari kuvaliwa. Chukua bei ya saa iliyo tayari, toa kusafisha na kutia mafuta, toa bushi, springi kuu na raba, toa nauli ya kuleta vipuri kutoka Ulaya. Kwa mfano: saa iliyotengenezwa inauzwa 700, kazi ni 150, vipuri na nauli 90. Mwisho wako ni 460. Kwa 400 ungefika, kwa shida. Kama rota ilikuwa inakwaruza na kifundo si cha Omega, usingefika, na uliikataa sawasawa kwa sababu isiyo sahihi.

Likasi hapa. Nililetewa saa ya askari ya miaka ya 1940, namba zimepakwa kitu cha rangi ya mkate uliokauka, haking'ai tena gizani. Niliambiwa ina mionzi, nikaogopa. Nilikimbia bure?

Hapana, hukukimbia bure, ila ulikimbia mbali mno. Rangi hiyo karibu hakika ni ya radiamu. Na wewe wa Likasi una sababu ya kuitazama mara mbili: mgodi wa Shinkolobwe uko jirani yako, na madini yake ndiyo yaliyolisha kiwanda cha radiamu cha Union Minière kule Olen, Ubelgiji, tangu 1922. Miaka ya 1920 na 1930 radiamu ya Katanga ilitawala soko la dunia. Huenda kile kilichokutisha kilitoka kwenye udongo wenu, kikazunguka Ulaya na kurudi nyumbani kimepakwa kwenye namba.

Saa imezimika, lakini radiamu haijaisha. Nusu yake inachukua miaka 1,600 kupungua. Kilichokufa ni unga wa zinki salfaidi uliokuwa unageuza mionzi kuwa mwanga. Umeungua baada ya miaka michache tu. Kwa hiyo saa isiyong'aa si saa isiyo na mionzi. Utaijua kwa kivuli cha kahawia kwenye uso, mahali mishale iliposimama muda mrefu saa ikiwa kabatini.

Ikiwa imefungwa, kioo na bodi vinazuia mionzi ya alfa, na kuivaa siku mojamoja si jambo la kukosesha usingizi. Hatari kubwa iko kwenye vumbi. Usifungue mwenyewe, usikwangue namba kwa sindano, usipulize uso kwa mdomo. Saa kama hizo zikiwa kadhaa, zisikae chumba cha kulala wala ndani ya sanduku lisilopata hewa, kwa sababu radiamu hutoa gesi ya radoni. Fundi anayekubali kuifungua juu ya meza anayolia chakula, mnyang'anye saa yako.

Katika miaka ya 1960 watengenezaji walihamia tritiamu, nayo ni ya mionzi lakini hafifu zaidi. Utaona herufi T mbili pembeni ya neno SWISS chini ya namba 6. Yenyewe nusu yake ni miaka 12.3 tu, kwa hiyo nayo imezimika. Omba kambisti taa yake ya kukagulia noti: tritiamu ya zamani inawaka kidogo chini ya taa na kuzima mara unapoiondoa. Uso wenye T mbili ukiendelea kung'aa dakika kadhaa baada ya taa kuondoka, umepakwa upya.

Kijana wa Kamalondo anauliza: Rolex ya Paul Newman, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, iliuzwa mamilioni, na nasikia zamani zilikuwa hazinunuliki. Je, ninunue saa mbaya za leo nizingoje?

Kisa ni cha kweli. Rolex hiyo ni aina ya Daytona; ile ya kutiwa ufunguo kwa mkono ilitoka 1963, na zile zenye uso wa rangi zenye namba za ajabu zilikaa kwenye kabati za maduka. Ile ya Newman mwenyewe iliuzwa New York Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75. Royal Oak ya Audemars Piguet nayo ilianza polepole mwaka 1972. Watu hawakuelewa saa ya chuma kuuzwa bei ya dhahabu. Lakini kijana wetu, saa ambazo hazikununulika mwaka 1963 ni maelfu ya aina. Unazisikia mbili au tatu. Nyingine bado hazinunuliki.

Kasumbalesa niliona Seiko 5 yenye uso wa machungwa, mpya kabisa, dola 35. Muuzaji alisema ni ya 1978. Niliiacha na rafiki zangu wananicheka.

Wacheke. Uso mpya juu ya mashine ya zamani ni kazi inayojulikana kwa wakusanyaji dunia nzima; karakana za India zimezoea kupaka nyuso za Seiko kwa rangi kali na kuzituma kote. Tazama dirisha la tarehe: rangi imeshuka ndani ya kingo. Tazama namba ya aina ya mashine: kwa mfano, nyuma ya mfuniko imeandikwa 6309, ukifungua mashine imeandikwa 7009. Ni saa mbili zilizolala kitanda kimoja. Ya kuvaa kazini inafaa, kwa dola 15.

Mwisho: muuzaji anataka jibu papo hapo. Nifanye nini ndani ya dakika kumi ili nisijute wala kwa kununua wala kwa kuacha? (Msomaji wa Ruashi)

Beba lupu, simu, dira ndogo na mpira wa raba wa kufungulia mifuniko ya skrubu.

Kwanza sogeza mishale mbele mpaka tarehe ibadilike, hapo umejua saa sita ya usiku iko wapi. Endelea mpaka upite mchana ndipo ujaribu kubadilisha tarehe kwa kifundo. Kamwe usifanye hivyo mishale ikiwa kati ya saa tatu za usiku na saa tisa za usiku: meno yameshikana, na jino la plastiki likivunjika muuzaji atasema ni wewe. Atakuwa na haki.

Weka saa karibu na dira. Sindano ikitetemeka huku na huku kufuata mapigo, saa imeshika sumaku, na ndiyo sababu inakimbia dakika nyingi kwa siku. Si ugonjwa: kifaa cha kuondoa sumaku kinamaliza kazi kwa sekunde chache. Tumia kasoro hiyo kushusha bei.

Tia ufunguo mpaka ishibe, au izungushe mkononi kama ni ya kujitia yenyewe, kisha iache uso ukiwa juu. Programu ya simu itakuambia inakimbia au inachelewa kiasi gani. Lakini upana wa mbembeo wa gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi ndani ya mashine, usitegemee simu kuupima. Kama kuna fundi jirani mwenye kipima mapigo, digrii 270 hadi 310 ni afya njema, na chini ya 220 hesabu gharama ya kusafishwa nzima.

Mwisho fungua mfuniko, piga picha ya namba ya mashine. Muuzaji asiyekubali ufungue amekujibu tayari.

Ukitaka kufikiri usiku mmoja, toa avansi ndogo na uandikiane karatasi yenye namba ya mfuniko na namba ya mashine, si jina la saa tu, maana saa mbili za jina moja hubadilishwa usiku. Andika pia siku ya mwisho na nani anabaki na avansi usiporudi. Na hesabu noti zako kabla ya kutoka nyumbani: dola iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa, na wakati unamtafuta kambisti wa kukubadilishia, mtu mwingine atakuwa amefika na noti safi.