Mume wangu Mlutheri anasema kitabu cha 2 Wamakabayo hakimo katika Biblia

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi Mkatoliki, mume wangu Mlutheri. Tulipomwombea marehemu baba yangu, aliniuliza kuombea wafu kumeandikwa wapi. Nikamtajia 2 Wamakabayo 12, akasema katika Biblia yake hakimo. Nimjibu nini?

JIBU: Milele amina, mwanangu. Ukimtolea aya ya kitabu asichokikubali, unamletea shahidi asiyemtambua. Kwanza elewaneni mnapotofautiana: Biblia yake ina vitabu 66, yako 73. Saba hivyo ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili. Kuna na nyongeza katika Esta na Danieli.

Usimwambie Luther alivichana. Vilikuwamo katika Biblia yake ya 1534, ila aliviweka kando, baada ya Agano la Kale, kama vitabu vyema kusomwa lakini visivyolingana na Maandiko. Naye asikwambie Trento, mtaguso yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, iliviongeza mwaka 1546. Sinodi ya Karthago ilikwisha vitaja mwaka 397. Lakini Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, alivitilia shaka kwa kuwa havikuwamo katika Biblia ya Kiebrania, na mumeo akiitoa hoja hiyo, ipokee. Ni hoja ya kweli.

Vivyo hivyo kwa mamlaka. Mlutheri akisema "Maandiko pekee" hakatai mapokeo yote. Kanuni ya Imani ya Nikea anaikiri kama wewe. Anachosema ni kwamba mtaguso unaweza kukosea, Maandiko hayakosei. Sisi tunashika pia neno la Paulo kuhusu mapokeo, "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu" (2 Wathesalonike 2:15). Ila Mkatoliki anayejigamba kwamba Kanisa liko juu ya Biblia anakosea vibaya: Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1965), namba 10, inafundisha kwamba mamlaka ya kufundisha hulitumikia Neno la Mungu, haiko juu yake.

Tafuteni Biblia ya Habari Njema yenye Deuterokanoni, yaani vitabu hivyo saba. Anzeni na Waebrania 11:35, ambayo nyote mnayo: walioteswa wakakataa kuachiliwa, wakitazamia ufufuo. Kisha someni 2 Wamakabayo 7, mama na wanawe saba, mwone inavyofanana. Ndipo mfike 12:38-45, Yuda Mmakabayo, jemadari wa Wayahudi, anapochanga drakma 2,000 za fedha, sadaka ya dhambi ipelekwe Yerusalemu kwa ajili ya askari waliokufa.

Atakuuliza: si askari hao walikutwa na vinyago vya miungu chini ya nguo zao? Usimkatishe. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika sura ile, na aya ya 45 isomeni polepole, mara mbili.